Kituo cha Wageni Seronera na watoto: fika saa 3 asubuhi, si saa 7 mchana

Magari mengi ya watalii ndani ya Serengeti hupaki Seronera kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Watu wanakwenda chooni, wanafungua maboksi ya chakula, wanampiga picha pimbi mmoja (mnyama mdogo anayeishi kwenye mawe) mezani, kisha safari inaendelea. Familia yenye watoto ikifanya hivyo imeacha uhondo wenyewe. Kituo kiko katikati ya hifadhi, kimekumbatia kilima cha mawe chenye njia ya kutembea, na ni moja ya sehemu chache sana humo ndani ambako mtoto anaruhusiwa kushuka garini na kutumia miguu yake. Kinastahili saa mbili nzima, na saa hizo ziwe za asubuhi.

Sababu ya kwanza ni pimbi wenyewe. Mwili wa pimbi haushiki joto vizuri, kwa hiyo kukipambazuka hutoka kwenye nyufa na kulala juu ya jiwe, wamebanana kama mikate kwenye tanuri, wakiota jua. Jua likiwa kali wanarudi kivulini, na mtoto aliyefika saa 7 anaoneshwa tundu. Asubuhi unaweza kusimama hatua chache tu na kumwonesha mtoto mambo mawili. Pimbi akipiga mwayo, tazameni meno ya juu ya mbele: ni marefu na yamechongoka kama vijipembe, na jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva. Akipanda jiwe lililosimama wima bila kuteleza, siri ni nyayo zake, laini na zenye unyevu kama mpira uliolowa. Michirizi myeupe kwenye miamba si chokaa, ni mkojo wao wa miaka mingi uliokauka; watoto hawaisahau hiyo. Kwenye mawe hayo hayo yupo mjusi dume mwenye kichwa na kifua cha rangi ya waridi na kiwiliwili cha bluu, anayefanya kama anapiga pushapu kuwatisha wenzake. Nguchiro nao hupita kwa makundi.

Anzeni na njia ya mawe kabla ya duka. Mtoto akishaona vinyago na fulana, mabango hayana tena nafasi kichwani mwake. Njia ina mbao za kukanyagia na ngazi, hivyo kigari cha mtoto hakifai. Mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa kanga. Mabango yanaeleza historia ya hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1951, na mzunguko wa nyumbu zaidi ya milioni moja pamoja na pundamilia. Kwa mtoto wa miaka 8 na kuendelea, mzazi aongeze maelezo haya: majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro ndiyo yaliyotandaza udongo wa mbuga za kusini, chini yake kukaganda tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi, zikabaki nyasi fupi zenye madini. Ndiyo maana nyumbu huzalia huko, hasa Februari. Watoto wa chini ya miaka 5 msiwasomee mabango. Wapeni kazi ya kuhesabu pimbi.

Sasa hesabu ya muda, maana hapa ndipo safari nyingi za familia zinapoharibika. Kibali cha hifadhi ni cha saa 24 tangu unapoingia. Kutoka lango la Naabi hadi Seronera ni takriban kilomita 45, mwendo usizidi 50 kwa saa, na barabara mara nyingi ina vijituta mfululizo kama bati la migongo. Tengeni saa mbili, kwa sababu simba akilala kando ya njia hakuna atakayekubali kupita tu. Ukiingia saa 4 asubuhi, kesho yake saa 4 unatakiwa uwe umeshatoka langoni, na kituo kimekupita. Ingia saa 8 mchana. Lala kwenye kambi za umma za jirani kama Pimbi au Nyani, amka saa 12, zunguka kando ya Mto Seronera ambako chui na simba hupatikana mwaka mzima, saa 3 uwe kituoni. Saa 5 na nusu anza kurudi, na langoni unafika kabla ya saa 8.

Langoni hawapokei fedha taslimu: unalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo. Raia wa Tanzania aje na kitambulisho cha taifa, la sivyo hatapata bei ya raia. Kwa watoto bebeni nakala ya cheti cha kuzaliwa, kwa sababu kiwango hubadilika kwa umri na wa chini ya miaka 5 halipiwi. Wanaotoka Arusha wakumbuke kuwa njia inapita Ngorongoro, na huko kuna malipo yake ya pekee.

Mgahawa ni wa vinywaji baridi na vitafunwa. Mlo kamili njooni nao, kwenye vyombo vyenye mifuniko ya kubana. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Meza za kulia zina kivuli kizuri, na ndege aina ya kwenzi, wa bluu na rangi ya machungwa, hushuka hadi ukingoni mwa sahani. Msiwape chakula, wala pimbi msiwarushie hata ganda la ndizi. Pimbi aliyezoea kulishwa huja kunyang'anya, na yale meno ya mbele yanachana kidole cha mtoto vibaya. Mabaki yakizagaa, nyani na tumbili nao hawachelewi.

Seronera iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi ni sweta na saa 5 ni kofia. Msiwavalishe watoto nguo nyeusi wala bluu iliyokolea: mbung'o wanavutwa na rangi hizo, na wanauma hata juu ya shati. Anayetapika njiani akae kiti cha mbele, ale kidogo kabla ya Naabi, na kopo lenye mfuniko liwe karibu.