Vidonge vya nyongo vya Dk. Rush: nyota moja, na hiyo ni ya bei

Haya wadau, leo naipa reviu dawa ambayo ukiiulizia famasi yoyote watakuangalia mara mbili. Vidonge vya nyongo vya Dk. Benjamin Rush wa Philadelphia, yule yule aliyesaini tamko la uhuru wa Marekani 1776.

Bei haina lawama. Meriwether Lewis, mpelelezi wa Kimarekani, alipokuwa anafunga mizigo 1803 kwa ile safari yake na mwenzake William Clark ya kuvuka bara hadi bahari ya Pasifiki alichukua dazeni 50, senti 10 kwa dazeni, yaani vidonge 600 kwa dola 5 tu.

Ndani kuna jalapu na kalomeli. Jalapu ni mzizi wa Mexico wa kuendesha tumbo, kalomeli ni zebaki iliyoungana na klorini, unga mweupe hauna ladha ndo maana unamezeka kirahisi, na kila kimoja peke yake kinatosha kukukimbiza chooni ila hapa umewekewa vyote viwili. Vikapewa jina la utani, radi. Tangazo la kweli kuliko hilo hamna.

Kwa hiyo kuharisha utaharisha, hapo hawajadanganya, ila kupona ndo mtihani. Homa ya manjano ilipoipiga Philadelphia 1793 Rush aliwajaza watu mchanganyiko huohuo kwa dozi kubwa halafu anawatoa na damu, mtu keshakauka maji mwilini unamtoa tena damu jamani!! Ukizidisha kalomeli fizi zinaoza, meno yanalegea, udenda unachuruzika kutwa, na madaktari wa enzi zile wakiuona huo udenda wanafurahi eti dawa imekubali. Mwandishi wa magazeti William Cobbett alimnanga gazetini, Rush akaenda mahakamani akashinda dola 5,000, tarehe 14 Desemba 1799, siku ileile George Washington anakata roho baada ya kupewa kalomeli na kutolewa damu nyingi.

Kudumu inadumu lakini. 2002 wachimbaji wa mambo ya kale pale Travelers' Rest, Montana, walikuta zebaki kwenye udongo wa shimo la choo la msafara wa Lewis, karibu miaka 200 baadaye.

Na msidhani imeishia huko, kalomeli hiyohiyo bado inakutwa kwenye krimu za kung'arisha ngozi, na hiyo inaua figo. Kwenye kopo tafuta neno calomel, mercury au mercurous chloride, ukiliona lolote, au kama kopo halijaandikwa krimu imetengenezwa na nini, liache hapohapo kwenye shelfu.