Famasi ya Ibanda inayomweleza mgonjwa dawa yake

Kwa familia zinazomuuguza mzee mwenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa, naipendekeza kwa moyo wote famasi ndogo ya Ibanda, Bukavu, ambako baba mkubwa huchukua abirateroni, dawa ya vidonge ya kutibu saratani hiyo. Mfamasia hakumkabidhi kopo tu: alihesabu mbele yake vidonge vinne vya miligramu 250, akamwambia, "Baba, vimeze baada ya kupita muda wa saa mbili tangu ulipokula, kisha ukae saa nzima bila chakula," na akasisitiza kwamba prednisoloni, dawa ya steroidi inayomezwa pamoja na abirateroni, isiachwe, kwa kuwa inasaidia kuzuia shinikizo la damu lisipande na potasiamu isishuke.

Nilipouliza kuhusu aina nyingine ya dawa za saratani, vizuizi vya kinasi (dawa zinazozuia vimeng'enya viitwavyo kinasi, vinavyopeleka ishara ndani ya seli), mfamasia alifafanua kwamba mwili una kinasi zaidi ya 500, zinazofanana mno pale zinaposhika ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hivyo kuunda molekuli inayolenga moja tu ni kazi ngumu kwelikweli; hata kapivasertibu, mojawapo ya vizuizi hivyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa saratani ya matiti, huzuia aina zote tatu za kinasi iitwayo AKT, na sukari ya damu huweza kupanda. Maelezo ya namna hii ni adimu.

Dawa huagizwa, kwa hiyo toeni taarifa kabla kopo halijaisha.