Uzoefu wangu: lenzi ya "Canon ni Canon" niliyouziwa Ngamiani

Nimeuziwa lenzi isiyoingia kwenye kamera yangu, na aliyeniuzia alikuwa na kila sababu ya kujua kwamba haiingii. Hasira haijaisha, mtanisamehe nikipandisha sauti.

Kamera yangu ni Canon 6D. Riziki yangu ni shughuli za akina mama hapa Tanga, singo na makesha ya harusi, kule ambako mpiga picha mwanamume haruhusiwi kuvuka kizingiti. Vyumba vyenyewe ni vidogo, watu wamejaa mkekani mpaka mlangoni, na huna pa kurudi nyuma. Bila lenzi pana hufanyi kazi hiyo.

Baada ya Idi nikamwandikia muuzaji wa duka moja Ngamiani, nikiulizia lenzi pana. Jina la kamera nilimtajia, na juu ya hapo nikampigia picha mdomo wa kamera, pale lenzi inapojifunga, ile nukta nyekundu ikionekana waziwazi. Akajibu: "Inaingia hiyo dada. Canon ni Canon." Nikalipa kwa simu, boda akaleta boksi.

Kufungua tu, nakuta ni lenzi ya milimita 10-18 yenye kiboksi cheupe pembeni. Hiyo ni aina ya EF-S, imetengenezwa kwa kamera za Canon zenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha) na mdomo wa kuipokea, zilizoanza na 300D mwaka 2003. Kamera hizo zina alama mbili mdomoni, nukta nyekundu na kiboksi cheupe. 6D ni fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa, ina nukta nyekundu peke yake. Lenzi za EF-S kitako chake kinaingia ndani zaidi, na kile kioo kinachoinuka ndani ya kamera, kwenye fulu fremu ni kikubwa. Kikiinuka wakati wa kupiga kinaweza kugonga lenzi. Ndiyo maana kiwandani wakaweka ukingo nyuma wa kuizuia isikae.

Nikairudisha mwenyewe. Yule kijana akaichukua kamera mkononi mwangu bila hata kuomba, akaipachika lenzi, akaanza kuizungusha. Haikwenda. Akakaza mkono. Nilisikia plastiki ikisagana na chuma, mlio mdogo tu, lakini wallahi tumbo lilinikata. Nikamnyang'anya. Nikatazama ndani: kioo kizima, alhamdulillahi, ila kitako cha lenzi kimeshapata mkwaruzo. Naye ananitazama, ananiambia: "Mwenye kamera yuko wapi? Angekuja mwenyewe tungeelewana."

Mwenye kamera ni mimi! Niliinunua kwa jasho langu, na kwa miaka sasa inalisha nyumba yangu.

Nilipomwambia hivyo akahamia kwenye adapta. Niongeze hela, atanitafutia adapta, kipande cha kuunganishia, ya EF-S kwenda EF, ambao ndio mdomo wa kamera yangu. Itakaa wapi hiyo adapta? Kutoka mdomoni hadi kwenye sensa, EF na EF-S zote ni milimita 44. Ukiweka chuma chochote katikati, lenzi inasogea mbele na vitu vya mbali havifokasi tena. Kwa wenye RF, mdomo wa kamera mpya za Canon zisizo na kioo, inawezekana, kwa sababu umbali wao ni milimita 20, zinabaki 24 za kuweka adapta. Na hilo neno lake la "Canon ni Canon" ni uongo mtupu. Canon hao hao walibadilisha mdomo mwaka 1987, lenzi zao za zamani za FD zikaachwa nje, na mwaka 2018 wakaleta huo wa RF. Anayeuza lenzi halijui hili?

Pesa hakurudisha. Akanionyesha karatasi ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi.

Sasa niseme haki. Lenzi yenyewe ni safi. Lenzi nyingi za mtumba huku pwani zina ukungu ndani kwa ajili ya unyevu, hii haina hata doa. Nimeijaribu kwenye 700D ya mwenzangu wa Chumbageni: imeingia kwa mguso mmoja, na sebule nzima ikaingia kwenye picha, kona hadi kona. Bei pia hakunilalia. Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tatu, na kuwaambia wenye kamera za sensa ndogo kwamba duka lina vitu.

Halafu namkumbuka alivyokaza ule mkono kwenye kamera yangu. Hapana. Nyota moja, na hiyo ni ya lenzi. Ukilazimika kwenda, kamera ishike mwenyewe na lenzi iweke mwenyewe, asiiguse.

Lenzi ninayo, naiuza kwa bei ile ile niliyonunulia, nikipunguza ya mkwaruzo. Mnunuzi awe na kamera ya 600D, 700D, 80D au yoyote yenye kiboksi cheupe mdomoni. Aje nayo, tuifunge pamoja kabla hajatoa hata shilingi.