Vijitabu vya mazishi Nakuru mjini: vichapeni dukani, wasifu andikeni wenyewe

Maduka ya uchapishaji ya Nakuru mjini yanajua kazi ya vijitabu vya mazishi. Rangi haichujuki, karatasi ni nzuri, na mkipeleka kazi iliyokamilika asubuhi, jioni mnaweza kubeba boksi. Kinachoyumba ni maandishi, hasa marehemu akiwa mtu aliyeishi maisha mawili: afisa wa jeshi aliyestaafu, kisha akafuga ng'ombe kwenye ranchi upande wa Gilgil au Elementaita. Kiolezo kilichomo kwenye kompyuta ni kimoja kwa mwalimu, mchungaji na mwanajeshi. Wanabadilisha jina na picha tu.

Karatasi kwanza, maana hapo hawana lawama. Kijitabu cha A5 ni karatasi za A4 zilizokunjwa, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawike kwa nne. Mkileta 18, ama mtapata mbili tupu ama herufi zitabanwa mpaka wazee wasisome. Kurasa 16 zinatosha rambirambi zikipunguzwa. Ndani ombeni karatasi ya gramu 130 kwa mita ya mraba, jalada gramu 250 lenye plastiki isiyong'aa. Inayong'aa hushika alama za vidole, na juani picha haionekani. Pini mbili zipigwe kwenye mkunjo wenyewe. Zikipigwa pembeni kijitabu hakifunguki vizuri na mwanzo wa kila mstari wa wimbo unamezwa.

Picha ndizo zinazoharibu kazi nzuri. Picha ya kujaza ukurasa mzima wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, inahitaji pikseli kama 1,750 kwa 2,480. Ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na upande mrefu mara nyingi hauzidi 1,600. Hiyo ni ya nusu ukurasa. Itumeni kama hati, au pelekeni flashi. Picha ndogo ya zamani ya studio iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, ndipo iweze kukuzwa mara mbili bila kupoteza sura. Iliyo kwenye fremu itoeni kwenye kioo kwanza. Kupiga picha kwa simu juu ya kioo huleta mwanga wa dirisha kwenye paji la uso wa marehemu.

Halafu kuna kugeuza picha. Mbunifu hupenda uso utazame ndani ya ukurasa, basi akiona unatazama nje anaugeuza kama kwenye kioo. Raia hatagundua. Lakini medali huvaliwa kifua cha kushoto, na beji ya bereti hukaa juu ya jicho la kushoto. Picha ikigeuzwa vyote vinahamia kulia, na wenzake wa kozi wataliona hilo kabla hawajasoma jina. Kataeni pia programu za kulainisha uso na za kutia rangi picha za zamani. Ya kwanza huyeyusha mistari ya riboni za medali ikawa kitambaa kimoja. Ya pili hukisia rangi ya bereti, na rangi hiyo ndiyo inayotofautisha kikosi na kikosi. Nyeusi na nyeupe iachwe ilivyo.

Sasa maandishi. Luteni Kanali huitwa "Kanali" kwenye mazungumzo, na duka likisikia hivyo linaandika hivyo. Hapo limempandisha cheo. Jalada liseme Luteni Kanali (Mstaafu), kama barua yake ya kustaafu inavyosema. Jina KDF (Kenya Defence Forces) limekuja na Katiba ya 2010, hivyo "alijiunga na KDF 1978" ni kosa; andikeni Jeshi la Kenya. Kama alikwenda Namibia na kikosi cha Umoja wa Mataifa, mwaka ni 1989 au 1990, kwa sababu ujumbe ule ulifungwa Machi 1990. Yugoslavia ya zamani ni baada ya hapo, kuanzia 1992. Familia huchanganya hizi mbili kila mara. Riboni ya medali ya Umoja wa Mataifa hutofautiana kwa kila ujumbe, basi mkikwama iangalieni medali yenyewe ikiwa bado ipo kabatini.

Upande wa ranchi makosa ni ya kuchekesha zaidi. Marehemu alifuga ng'ombe aina ya Boran, wa nundu, wengi wao weupe au rangi ya maziwa, wanaokula nyasi kavu. Duka linaweka mapambo ya ng'ombe wa madoa meusi na meupe kwenye majani mabichi ya Ulaya. Waombolezaji nusu yao ni wafugaji! Ikiwa alifuga Sahiwal, wale wekundu wa ngozi iliyolegea shingoni, ambao kituo cha utafiti cha Naivasha kimewatunza kwa miaka mingi, iwekwe picha ya kundi lake, hata kama si safi sana. Angalieni pia ekari na hekta. Hekta moja ni ekari 2.47, kwa hiyo ekari 800 zikiandikwa hekta 800 shamba limekua zaidi ya mara mbili, na hilo ni neno la kuleta maswali kwenye urithi.

Prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, ikiwa ya kwenye skrini tu haitoshi. Dai nakala moja iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe, ikakunjwa na kupigwa pini, kisha watu wawili waipitie: mmoja asome kwa sauti kutoka karatasi ya familia, mwingine afuate kwenye kijitabu. Majina ya wajukuu ndiyo hukosewa.

Jalada la nyuma lipewe ramani. Msimbo wa QR ni mzuri, ila sehemu nyingi za ranchi mtandao hukatika, hivyo njia iandikwe pia kwa maneno: kutoka mizani ya Gilgil kilomita ngapi, lango la rangi gani, na ni wapi udongo mweusi unanasa magari madogo mvua ikinyesha. Chini yake, kwa herufi nene: FUNGA LANGO NYUMA YAKO. Wageni wa mjini huliacha wazi. Kundi la jirani likiingia, kulitenganisha ni kazi ya siku nzima, na kama jirani huyo haogeshi ng'ombe wake kwa dawa, kupe wanaoeneza ugonjwa wa ndigana kali wameshaingia nao.