Ubao mweupe: tazama uso wake kabla ya ukubwa

Nilifundisha kwa ubao mweupe miaka kadhaa kabla ya kuhamia kazi ya ofisini, na huko nako nikaukuta ukutani ukiningoja. Kwa hiyo nasema kama mtu aliyeandika na kufuta sana.

Wanunuzi wengi huulizia urefu na upana. Mimi nauliza uso umetengenezwa kwa nini, maana hapo ndipo pesa inapokwenda. Ubao wa bei ya chini mara nyingi uso wake ni melamini, yaani tabaka jembamba la plastiki ngumu lililobandikwa juu ya mbao iliyoshindiliwa. Mwanzoni unafutika safi kabisa. Ukishautumia kutwa kucha, uso unachoka, unapata mikwaruzo midogo na vitundu, na wino unajificha humo. Darasani tulifika mahali mlinganyo wa jana unasomeka chini ya wa leo kwa rangi ya kijivu. Mwanafunzi wa nyuma ananakili alama ya kutoa ambayo mimi sikuiandika, kisha anashangaa jibu linamgomea.

Ofisini tuna wa enameli, na huo ndio ninaoupa alama zote. Enameli ni unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya bamba la chuma kwa joto la takriban nyuzi 800 za Selsiasi, kwa hiyo unaandika juu ya kioo hasa. Wino hauna pa kuzama. Chuma kilicho chini kinashika sumaku, hivyo karatasi zinaning'inia pembeni mwa mchoro tunaoujadili. Ubaya wake ni uzito: unataka ukuta imara na skurubu za maana, na ukigongwa vibaya pembeni enameli inabanduka.

Chumba cha mikutano wameweka wa kioo kitupu. Wageni wanausifia, mimi hapana. Unafutika vizuri, sikatai, lakini mwanga wa dirisha unaakisi usoni na aliyekaa upande ule anaona dirisha badala ya hesabu. Sumaku za kawaida nazo hazishiki, mpaka zile kali za neodimiamu, tena uwe na chuma nyuma ya kioo.

Sasa makapeni, ambazo watu huzidharau kisha wanaulaumu ubao. Wino wa ubao una rangi, spiriti ya kuukausha haraka, na kitu chenye asili ya mafuta kinachouzuia kung'ang'ania. Ukiiacha wazi, spiriti inapaa na kalamu imekwisha, hata kama rangi bado imo tele. Zilaze chali. Ukizisimamisha ncha juu, wino unashuka na maandishi yanapauka, halafu mtu anaitupa kalamu ambayo bado nzima. Kwa rangi, andika kwa nyeusi au buluu. Nyekundu ibaki ya kupigia mistari, na kijani ukiweza achana nayo, kwa sababu ukisimama nyuma ya chumba inafifia, na wapo watu, wanaume hasa, wasioitofautisha na nyekundu.

Ipo siku mtu ataandika kwa kalamu ya wino usiofutika. Hakuna haja ya kusugua kwa sifongo cha chuma. Pitisha makapeni ya ubao juu ya maandishi yale, kisha futa kabla haijakauka: spiriti ya wino mpya inalegeza ule wa zamani na vyote vinatoka pamoja. Likibaki doa, tone la spiriti kwenye kitambaa linamaliza kazi, ila kwenye melamini usifanye mazoea, maana uso utachakaa mapema zaidi. Na dasta nalo lifuliwe au libadilishwe. Likishajaa vumbi la wino linapaka tu.

Mwenye kutaka ubao wa ratiba inayobadilika mara moja kwa mwezi, melamini inamtosha, asijiumize mfukoni. Ila mistari ya jedwali asiichore kwa wino, kwani wino uliokaa muda mrefu hutoka kwa shida. Abandike utepe mwembamba wa kunata, ule mweusi, mistari itabaki palepale kila anapofuta majina.