Uzoefu wangu na Nginx mbele ya huduma tunayojiendeshea wenyewe Kisumu

Kwa mwaka mmoja sasa nimeitumia Nginx, programu inayopokea maombi ya wavuti na kuyapitisha kwa programu iliyo nyuma yake, kama bawabu wa huduma ndogo ya wavuti inayopokea rekodi za mizani kutoka ufuo wa Dunga, na seva yenyewe ni kompyuta ndogo iliyo ofisini mwetu mjini Kisumu. Naipendekeza bila kusita, kwa sababu ombi likikwama mikononi mwake, Nginx huandika lilikwama wapi.

Kosa lililotusumbua zaidi lilikuwa 413, yaani ombi ni kubwa kupita kiasi kinachoruhusiwa. Makarani walituma uzito wa mbuta na ngege bila shida, lakini picha za stakabadhi hazikufika, na simu zilionyesha tu kwamba utumaji umeshindikana. Dada mmoja anayepima samaki alikuwa akipanda kutoka ufuoni hadi barabarani, simu ameiinua juu, akitafuta mtandao. Inaniuma kwamba alifanya hivyo siku kadhaa kabla sijafungua /var/log/nginx/error.log, faili ambamo Nginx huandika makosa. Humo mlikuwa na mstari uliotaja ukubwa wa ombi, zaidi ya baiti milioni 3, ilhali Nginx isipoelekezwa vingine hupokea megabaiti 1 pekee. Niliandika client_max_body_size 10m ili kikomo kiwe megabaiti 10, nikakagua mipangilio kwa nginx -t, nikaipakia upya, na picha iliyofuata ikafika samaki wakiwa bado kwenye mizani.

Kosa la 502, yaani Nginx haipati jibu sahihi kutoka programu iliyo nyuma yake, lilikuwa jepesi. Umeme ulipotea, ukarudi, Nginx ikaamka yenyewe lakini programu yetu haikuamka. Amri ya systemctl enable, inayoifanya programu ianze yenyewe seva inapowaka, ilitosha.

Lililonifunza kweli ni 404, yaani kilichoombwa hakikupatikana, nilipopanga upya anwani za huduma. Nilielekeza maombi yote yanayoanza na /picha/ kwenda http://127.0.0.1:8000/, yaani programu yetu kwenye seva hiyohiyo, nikaweka mkwaju (/) mwishoni. Mkwaju huo huifanya Nginx iondoe /picha/ na kuweka / mahali pake, kwa hiyo programu iliyosubiri kuulizwa /picha/pokea iliulizwa /pokea, ikajibu, tena kwa haki, kwamba haina kitu kama hicho. Nilipoteza jioni nzima nikikagua programu isiyo na hatia. Hatimaye niliketi kwenye seva yenyewe, nikatuma ombi kwa curl, zana ya kutuma maombi ya wavuti kwa amri, moja kwa moja kwenye poti ya 8000, mlango wa programu yetu, likajibiwa 200, yaani sawa. Ombi lilelile likipitia Nginx, 404. Nilipoufuta mkwaju, anwani ikapita jinsi ilivyo.

Maelezo rasmi yanalitaja jambo hili, ila ni rahisi kuliruka, na nginx -t haitoi tahadhari yoyote kwa kuwa mipangilio ya namna hiyo ni halali. Anayeanza na ajue hivyo mapema. Kwangu mimi, huduma ikigoma leo, kabla sijagusa faili yoyote, hutuma kwanza ombi moja kwenye poti ya 8000 na jingine kupitia Nginx, kisha nikalinganisha majibu.