Pilau la Ijumaa limerudi mwembeni

Jamani mgahawa wetu wa chini ya mwembe hapa Magomeni umesimama tena, na nimeona niandike maana mimi ni mmoja wa wale tuliokuwa tunasema kimoyomoyo kwamba Mama anafunga.

Kwa asiyepajua, hakuna kibao wala jina, ni banda la mabati lenye mabenchi na meza zilizotandikwa plastiki ya maua, watu wanasema tu "twende mwembeni" na mtaa mzima unaelewa. Mi nina kibanda cha kutengeneza simu mtaa wa pili, huu mwaka wa nane nakula pale karibu kila siku, kwahiyo ninayosema hapa sio ya kuonja mara moja.

Wali maharage buku mbili, wali nyama elfu tatu, ugali na kibua wa kukaanga elfu tatu, mchicha au tembele na kachumbari unawekewa humo humo. Maharage ndo yenyewe, yameungwa nazi mpaka rojo linashika kijiko, na wali anaupalia mkaa juu ya mfuniko kwahiyo kila punje iko peke yake na chini kuna ukoko, ukimuomba Mama mapema anakukwangulia kipande anakiweka pembeni ya sahani. Nyama kuna siku inakuwa ngumu, hilo sifichi, na kuanzia saa saba mpaka saa nane mchana utasubiri sana. Usafi sina neno, maji ya kunawa ya vuguvugu na sabuni, dada anakumiminia mwenyewe.

Sasa vyuma vilipokaza mwaka 2022 sisi tuliona kwenye sahani kabla hata ya kusikia redioni. Mafuta ya kupikia yalipaa, ndoo ya lita 20 ikavuka laki, chapati za Mama zikaanza kupungua upana maana alikuwa hataki kabisa kuitoa kwenye jero. Afu ikaja petroli, Agosti ile hapa Dar lita ilivuka 3,400 na hapo serikali ilishaanza kutoa ruzuku, na mchele anaoutaka yeye ni wa Mbeya, unakuja na lori zaidi ya kilomita 800, kwahiyo mafuta ya gari yakipanda na sahani inapanda. Mara pilau la Ijumaa halipo. Mara dada mmoja kati ya wale wawili kaambiwa akapumzike nyumbani kwanza. Mwanzoni mwa 2024 sukari nayo ikaadimika, mvua zilikuwa zimevuruga kazi kwenye mashamba ya miwa na viwandani, mtaani tukawa tunauziwa kilo elfu nne na kuendelea, Mama akawa anaficha kopo la sukari chini ya meza anakuwekea mwenyewe vijiko viwili kwenye chai huku anasema "nisamehe mwanangu". Ile ya kuombwa msamaha kwa ajili ya sukari na mtu mzima kama yule ilinikaa sana moyoni.

Kitu kimoja hakukigusa muda wote huo, sahani ya buku. Nusu wali, maharage na mboga. Hakuna palipoandikwa, unasema tu "Mama ile ndogo" na unapewa kwenye sahani ile ile kubwa kama wenzako, hakuna atakayejua umelipa ngapi. Vijana wa bodaboda wamevuka na hiyo sahani. Na mimi pia, miezi ambayo watu walikuwa wanaona bora watembee na simu iliyopasuka kioo kuliko kuitengeneza.

Na kuna ile kauntabuku ya madeni. Kila mteja ana ukurasa wake, ukilipa Mama anapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Kuna kipindi nilikuwa nikiiangalia naona bluu tupu, kurasa na kurasa.

Ijumaa iliyopita natoka kibandani nasikia harufu ya bizari nyembamba na iliki toka kona ya mtaa, nikajua tu. Nafika nakuta sufuria mbili kubwa motoni, benchi jipya limeongezwa bado lina harufu ya mbao, na yule dada aliyepumzishwa yupo anamenya vitunguu swaumu. Nikamwambia shikamoo Mama, kulikoni leo? Akafuta mikono kwenye kanga, akaivuta kauntabuku akanifunulia. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Akanionyesha ukurasa wa fundi mmoja wa ujenzi aliyekuwa kapotea miezi, Mama alishamsamehe kimya kimya, wiki ile kapata saiti Kigamboni kaja na elfu kumi na nane yote mkononi na bado akakaa akaagiza wali nyama. Mama anasema "mwanangu, watu wanalipa, na mimi ngoja niwapikie".

Mi mambo ya uchumi wa kwenye taarifa ya habari nayasikiliza, ila dalili ninayoiamini ni mtu kuagiza nyama siku ya Jumanne, katikati ya mwezi, bila kuuliza bei kwanza. Hao nimeanza kuwaona. Nimeona pia wanaofungiwa chakula cha kupeleka kwa watoto nyumbani, hicho kitu kilikuwa kimekufa kabisa. Na muuza mkaa ameanza tena kumshushia Mama gunia la mali kauli, wakati mwaka jana alikuwa anataka hela mkononi kwanza ndo afungue kamba. Sisemi maisha yamekuwa mteremko, maana mchele bado uko juu na Mama bado anahesabu vitunguu, ila watu wanarudi na wanarudi na hela.

Ukienda beba noti ndogo, chenji ni shida, lipa namba ipo lakini simu yenyewe mara nyingi haina chaji (nimemwambia ailete niibadilishie betri, bure). Kama umekauka usiogope, sema "ile ndogo". Pilau ni Ijumaa tu, elfu tatu na nusu na kachumbari na ndizi moja, na fika kabla ya saa saba. Mi nilifika saa saba na robo nikapata sahani ya mwisho, Mama akainamisha sufuria akanikwangulia na ukoko wote uliobaki.